Boila inapoteza presha kila mara, fundi anasema ninunue mpya. Nisaidieni kabla sijalipa

Msafiri wa Leicester · Jumapili, saa 3 usiku

Wakuu, natumaini mko salama na hii baridi.

Nina nyumba ya zamani huku Leicester, Uingereza, zile za matofali zilizoshikana na za jirani kulia na kushoto. Boila ni kombi, yaani mashine moja ya gesi inayopasha maji ya redieta na ya kuogea, imetundikwa ukutani jikoni, ina miaka kama kumi na moja. Hakuna tenki darini wala silinda ya maji ya moto. Tangu Novemba presha inashuka. Naijaza mpaka bar 1.5 kwa ule mpira wa chini unaoleta maji ya mtaani, asubuhi nakuta 0.4, kioo kinaonyesha msimbo wa kukosa maji, redieta za baridi, watoto wanakunywa chai na makoti. Najaza tena, inawaka, maisha yanaendelea. Kuna siku inashika hadi kesho yake, kuna siku haifiki jioni.

Nimezunguka nyumba nzima na tochi, sijaona tone. Dari ya sebuleni kavu, chini ya boila pakavu.

Nikamwita fundi wa kampuni moja, jina nalihifadhi. Hakufungua kitu. Alitazama geji, akauliza umri wa boila, akasema imefika mwisho wake, na mpya pamoja na kuifunga ni zaidi ya pauni elfu mbili. Mama watoto anasema tulipe tulale. Mimi moyo unagoma. Mwenye uzoefu aje. Natanguliza shukrani.

Kapuku Jeuri · Jumapili, saa 4 usiku

Yaani mnalipia hadi joto? Rudi nyumbani mkuu. Huku Mbagala jua linachemsha maji ya simtanki bure, ikifika saa nane mchana huwezi hata kunawa.

Haya, natoka, waacheni wataalamu waje.

Mzee wa Spana · Jumapili, saa 5 usiku

Msafiri, usitoe hata senti kwanza. Umri si ugonjwa. Boila ya miaka kumi na moja inaweza kufa, sikatai, ila hakuna fundi anayejua imekufa kwa kuitazama usoni.

Niko Birmingham, kazi yangu ni hii na kadi ya Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi huku, ninayo. Kabla sijatoa spana huwa namuuliza mwenye nyumba kitu kimoja: inashuka wakati gani? Mfumo wa kombi umefungwa pande zote. Maji ni yale yale, yanatoka kwenye boila, yanazunguka redieta, yanarudi. Ya kuogea yana njia yake mbali. Kwa hiyo geji ikishuka, maji yametoka mahali. Na njia za kutokea si nyingi: mabomba na redieta, valvu ya usalama inayomwagia nje, au ndani ya boila yenyewe kupitia kibadilisha joto, pale moto unapopasha maji, kilichotoboka. Kila njia ina saa zake, ndiyo maana nauliza wakati.

Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, jaza mpaka 1.3, halafu hakikisha koki zote mbili za mpira wa kujazia zimefungwa kabisa. Andika namba. Washa, acha redieta zote zipate moto, baada ya kama saa moja tazama geji tena, andika. Kisha zunguka nje, nyuma ya ukuta wa boila, utaona kibomba cha shaba cha milimita 15 kimechungulia na kujikunja kuelekea matofali. Kivalishe mfuko wa plastiki wa friza, ukaze kwa rababendi, uache usiku kucha. Usikichanganye na bomba la plastiki la maji ya mvuke. Hilo hutoa maji kila boila inapowaka, ndiyo kazi yake.

Lete majibu hapa. Na mifuniko ya boila usiiguse.

Ostadh wa Bati · Jumatatu, saa 1 asubuhi

Mnamzungusha tu kijana wa watu. Kuna dawa ya kuziba mvujo, inauzwa kwenye chupa duka lolote la vifaa. Mimi niliimimina kupitia redieta ya bafuni, msimu wa pili huu sijagusa mpira wa kujazia. Rahisi kuliko kuita mafundi.

Mzee wa Spana · Jumatatu, saa 2 asubuhi

Ostadh, kwako ilifaa kwa sababu ulikuwa na jasho dogo kwenye kiungio cha bomba. Hiyo dawa inajua kuziba tundu la sindano, basi. Haijazi upepo kwenye tenki dogo la ndani ya boila likiwa limekufa wala haifungi valvu inayopitisha. Na ukiimwaga kwenye mfumo wenye matope meusi unaongeza uji juu ya uji. Tusimpe mgonjwa dawa kabla hatujajua anaumwa nini.

Msafiri wa Leicester · Jumanne, saa 1 usiku

Mzee wangu, majibu haya hapa.

Asubuhi ikiwa baridi: 1.3. Baada ya saa moja na redieta zote kuwaka: 2.8, na mshale ulikuwa bado unasogea. Sikuwahi kuitazama ikiwa imewaka, maana mimi huikimbilia ikiwa imezima tu. Usiku tulizima saa nne. Asubuhi hii: 0.3.

Mfuko wa nje nimeukuta una maji, kama kikombe kimoja cha chai na nusu. Tena maji yenyewe si meupe, yana rangi ya chai ya rangi.

Mzee wa Spana · Jumanne, saa 3 usiku

Basi maji yako tumeyaona yanakotokea, na ndiyo maana tochi haikukusaidia. Yalikuwa yanamwagika nje uani, mvua ya Januari inafuta ushahidi. Hiyo rangi ya chai ni kutu ya ndani ya redieta, kwa hiyo ni maji ya mfumo kweli, si ya mvua.

Sasa kwa nini valvu imwage? Yenyewe haina kosa hapo. Imepangwa kufunguka ikifika bar 3 ili boila isipasuke. Swali ni nani anaisukuma mpaka huko. Maji yakipashwa moto yanatanuka. Kutoka nyuzi 15 hadi 75 yanaongezeka kama asilimia 2 na nusu. Nyumba ya redieta saba nane ina lita 60 hivi kwenye mzunguko, kwa hiyo kila ukiwasha kuna lita moja na nusu ya ziada inayotafuta pa kukaa. Maji hayabonyei. Ndani ya boila kuna tenki la upanuzi, chombo cha chuma chekundu au cha kijivu, bapa, kimegawanywa na ngozi ya mpira katikati. Upande mmoja maji, upande wa pili upepo. Maji yakitanuka yanausukuma ule mpira, upepo unabonyea, geji inapanda kidogo tu, tuseme kutoka 1.2 hadi kama 1.9. Mambo shwari.

Upepo huo huvuja pole pole miaka ikienda. Siku ukiisha, mpira unalala ukutani mwa tenki, maji yanajaa chombo kizima, hakuna tena pa kutanukia. Ukiwasha, mshale unapaa. Ukifika 3, valvu inamwaga ile ziada nje. Ukizima, maji yaliyobaki yanapoa, yanasinyaa, na kwa kuwa mengine yameshatoka, geji inaanguka karibu na sifuri. Wewe unaamka, unajaza, na mchezo unaanza upya.

Kwa hiyo kumbukeni wote mnaosoma: ikipanda mno kwenye moto na kuanguka ikipoa, mshukiwa wa kwanza ni tenki la upanuzi. Ikishuka taratibu mchana na usiku, iwe imewaka au imezimwa, na haipandi kupita kiasi, hapo ndipo unaanza kutafuta mvujo wa mabomba. Ikipanda yenyewe bila kuwasha joto, tazama mpira wa kujazia, koki yake inapitisha maji ya mtaani. Kama mpira umetenganishwa na bado inapanda, basi sahani ya kupashia maji ya bafuni imetoboka ndani, na maji ya mtaani yenye presha kubwa yanaingia kwenye mzunguko wa redieta.

Msafiri, tafuta fundi wa Gas Safe wa mtaani kwako, mwambie maneno haya haya: tenki la upanuzi lipimwe na kujazwa upepo. Akikwambia boila mpya kabla ya kupima, msindikize mlangoni kwa heshima.

FundiPampu Mbezi · Jumatano, saa 12 asubuhi

Mimi boila sijawahi kuiona kwa macho ila huu ugonjwa naujua vizuri sana. Zile pampu za kusukumia maji nyumbani zina tenki la presha, mpira ndani, upepo upande mmoja. Upepo ukiisha, ukifungua bomba kidogo tu pampu inawaka, ukifunga inazima, tak tak tak usiku mzima, mpaka jirani anakuja kugonga. Watu wanabadilisha pampu nzima! Kumbe ni upepo wa kujaza kwa pampu ya baiskeli.

Nimekaa nikapiga hesabu ya hilo tenki lenu. Tuseme lita 8, upepo wa bar 0.75. Likiwa zima, mfumo ukishuka kutoka 1.5 hadi 0.75 ni lita mbili na ushee zimetoka. Hayo ni maji mengi, lazima pawe na doa mahali. Tenki likiwa limekufa, limejaa maji tupu, geji inaweza kuanguka hadi chini kwa kikombe kimoja tu. Msafiri alipata kikombe na nusu kwenye mfuko na geji ikalala 0.3. Hesabu inakubali.

Mzee wa Spana · Jumatano, saa 2 asubuhi

Mbezi umenifurahisha. Wanafunzi wangu wawili hapa hawajawahi kunipigia hiyo hesabu.

BintiPangani · Jumatano, saa 7 mchana

Shikamooni wakubwa. Naomba kuingilia, samahani mwenye uzi.

Mimi ni mpangaji Reading, nyumba ya chini, sakafu ya zege. Yangu haiko kama ya Msafiri. Inashuka taratibu, 1.5 hadi 1 kwa siku mbili tatu, hata tukisafiri na kuizima inashuka vile vile. Ikiwaka haizidi 1.9. Nje nimeweka mfuko, mkavu. Karibu na mlango wa sebule mbao za sakafu zimeanza kutuna, nikikanyaga zinalia. Nimemwambia wakala, anasema "endelea kujaza tu, ni kawaida." Ni kawaida?

Mzee wa Spana · Jumatano, saa 2 usiku

Marahaba binti. Si kawaida. Kujaza mara moja kwa mwaka baada ya kutoa upepo kwenye redieta, hiyo ni kawaida. Kila wiki siyo. Kila unapojaza unaingiza maji mapya yenye oksijeni, unaipunguza nguvu dawa ya kuzuia kutu, na redieta zinaanza kuliwa ndani. Matope meusi yanayotoka humo yanakwenda kuua pampu. Wakala anakwambia uharibu mali ya mwenye nyumba taratibu.

Kwanza tuitoe boila kwenye mashaka. Usiku, joto likiwa limezimwa na boila imepoa, tazama chini yake. Bomba mbili nene za pembeni, mara nyingi milimita 22, zina koki za kufungia. Hizo ndizo za kwenda na kurudi redieta. Zifunge zote mbili, kwenye nyingi ni robo duara kwa spana au bisibisi, andika geji, nenda ukalale. Asubuhi, kabla ya kuwasha, soma geji halafu zifungue tena. Kama haikusogea usiku kucha, boila haina hatia, maji yanapotelea kwenye mabomba ya nyumba. Kama imeshuka na koki zimefungwa, tatizo ni boila. Hapo utazame bomba la plastiki la maji ya mvuke: likidondosha wakati boila imezimwa tangu jana, kibadilisha joto kimetoboka. Hiyo ndiyo kesi inayoweza kukufikisha kwenye boila mpya.

Kisha zunguka redieta na karatasi ya chooni, kavu. Ifunge shingoni mwa kila valvu, pale kishikio kinapozungukia, na kwenye nati za chini. Jicho linadanganywa, maana redieta ya moto hukausha jasho kabla hujaliona, ila karatasi inashika. Utakachoona ni ukoko wa kijani au mweupe kwenye shaba.

Mswahili wa Minnesota · Jumatano, saa 5 usiku

Nawafuatilia. Nyongeza kwa walio huku Marekani: boila zetu nyingi ziko chini kwenye besmenti, geji inasoma psi, kipimo cha presha cha huku, 12 hadi 15 ikiwa baridi, na valvu ya usalama hufunguka 30. Tatizo letu ni kwamba nyingi zina valvu inayojaza maji yenyewe. Kwa hiyo geji haishuki hata kama unavuja, unakuja kugundua chuma kimeoza. Nilichofundishwa na fundi wa hapa ni kufunga koki ya maji yanayoingia na kuangalia geji nikiwa nyumbani. Ikianza kushuka, una mvujo uliokuwa unafichwa. Usisahau kuifungua tena.

Msafiri wa Leicester · Ijumaa, saa 12 jioni

Wakuu, fundi amekuja leo. Kijana wa hapa hapa mtaani, nilimpata kwa jirani, nikaingiza namba ya kadi yake kwenye tovuti ya Gas Safe, picha ikalingana. Hata nyuma ya kadi pameandikwa kazi anazoruhusiwa, na boila za nyumbani zimo.

Nimesimama naye mwanzo mwisho. Alizima umeme wa boila, akafunga zile koki mbili, akamwaga maji ya boila kwenye beseni mpaka geji ikalala sifuri kabisa. Akasema hapo ndipo wengi wanapokosea, wanapima upepo wakati maji bado yanasukuma mpira upande wa pili, geji ya tairi inasoma presha ya maji na wao wanadhani ni upepo. Akafungua mfuniko wa mbele. Tenki lipo nyuma kabisa, linaonekana ukingo tu, na juu lina valvu ndogo yenye kofia ya plastiki, sawasawa na ya tairi. Akabonyeza sindano kwa ncha ya bisibisi. Halikutoka kitu. Si upepo, si maji. Akafurahi, mimi nikashangaa anafurahia nini. Akasema kama yangetoka maji, mpira umechanika, tenki la kubadilisha. Kukaa kimya maana yake ni upepo umekwisha tu.

Akaunganisha pampu ya miguu, ile ya baiskeli, koki ya kumwagia ikiwa wazi. Kila akikanyaga, maji meusi yalikuwa yanakohoa kutoka kwenye koki hadi kwenye beseni, kidogo kidogo, upepo unasukuma maji yaliyokuwa yamelala ndani ya tenki. Yalipokoma akaendelea hadi 0.8, akasubiri, akapima tena, 0.8. Akarudisha mfuniko, akakagua mpira wake wa kuzuia moshi kabla ya kukaza, akapima gesi ya moshi kwa kimashine chake. Amejaza 1.2. Nimewasha saa mbili sasa: 1.9. Sijawahi kuona hiyo.

Ameniachia bili ambayo siwezi kuilinganisha na ile ya boila mpya. Mama watoto amemkaangia maandazi.

Mzee wa Spana · Ijumaa, saa 2 usiku

Huyo ni fundi. Mshike namba yake. Kuna boila ambazo valvu ya upepo unaifikia kwa juu bila kufungua kitu, lakini kwa nyingi mfuniko ndio unaozuia moshi kuingia ndani ya nyumba, ndiyo sababu nilikataza. Kaboni monoksaidi haina harufu. Mfuko wa nje uko wapi? Uvalishe mpya, kavu. Sijamalizana na ile valvu.

Ostadh wa Bati · Ijumaa, saa 3 usiku

Mzee nawe huna dogo. Mtu amepona.

Msafiri wa Leicester · Jumatatu, saa 2 asubuhi

Mzee, wewe ni mchawi. Ikiwaka haizidi 1.9, ila asubuhi ni 1.0, juzi ilikuwa 1.1. Na mfuko una maji, vijiko kama vinne vitano. Sasa nini tena?

Mzee wa Spana · Jumatatu, saa 3 asubuhi

Si uchawi. Valvu ya usalama ikishafunguka mara nyingi, hasa kwa maji machafu kama yako, uchafu unakaa kwenye kiti chake na haifungi tena vizuri. Inatona hata kwenye bar 1. Wengine huizungusha kishikio mara mbili tatu ili maji yasukume uchafu utoke. Mara nyingine inakubali, mara nyingi inatona zaidi. Mwite kijana aibadilishe. Ni kifaa cha bei ndogo, kazi ni kuifikia tu. Angeweza kuibadilisha siku ile ile, lakini simlaumu. Hakuna anayependa kumuuzia mtu kitu ambacho huenda hakihitajiki.

Tena akifika mwambie aongeze dawa ya kuzuia kutu. Umejaza maji mapya tangu Novemba, iliyokuwamo imeshakwenda na mfuko.

BintiPangani · Jumatatu, saa 1 usiku

Nimefunga koki usiku, asubuhi geji haikusogea hata kidogo: 1.4 na 1.4. Nilipozifungua ikaporomoka hadi 1.1 papo hapo. Karatasi za redieta zote kavu. Kwa hiyo ni chini ya sakafu?

Mzee wa Spana · Jumatatu, saa 3 usiku

Kila dalili inaelekea huko, na mbao zako karibu na mlango zimeshakwambia. Mabomba ya shaba yaliyolazwa ndani ya zege bila kufungwa kitu hushambuliwa na zege lenyewe likiwa na unyevu, yanatoboka tundu dogo la msumari. Usikubali mtu aanze kuvunja kwa kubahatisha. Watafuta mvujo wanakuja kwanza na kamera ya joto, redieta zinawashwa, bomba linaonekana kama mstari na palipovuja panaonekana kama bonge. Ikiwa zege ni nene wanamwaga maji yote na kuingiza mchanganyiko wa gesi, asilimia 5 haidrojeni na 95 naitrojeni, hauwaki, halafu wananusa juu ya sakafu na kimashine. Unapanda pale pale palipotoboka.

Wakili wa Mtaa · Jumatatu, saa 4 usiku

Binti, mimi si fundi, nashughulika na masuala ya nyumba. Kwa England, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985, kifungu cha 11, inamlazimu mwenye nyumba kuvitunza katika hali nzuri vifaa vya kupasha nyumba joto na maji ya moto. Hata kama mkataba umeandikwa vinginevyo. Pia kila mwaka lazima fundi wa Gas Safe akague vifaa vya gesi na wewe upewe nakala ya cheti. Kama huna nakala, iombe kwenye barua hiyo hiyo.

Acha simu. Andika barua pepe: tarehe, namba za geji, picha za mbao zilizotuna, na matokeo ya koki zilizofungwa. Wakiendelea kukaa kimya, nenda idara ya afya ya mazingira ya halmashauri yako. Na mwambie mwenye nyumba aangalie bima ya jengo lake, nyingi zina kipengele cha kulipia gharama ya kutafuta mvujo na kuvunja sakafu kuufikia. Wenye nyumba wengi hulainika wakisikia hilo.

Kapuku Jeuri · Jumanne, saa 5 asubuhi

Nilikuja kucheka, sasa najua boila kuliko jiko langu la mkaa.

Msafiri wa Leicester · Jumamosi, saa 3 asubuhi

Valvu imebadilishwa Jumatano. Ile ya zamani ameniachia, kiti cha ndani kina punje nyeusi imeng'ang'ania, ukucha hauitoi. Tangu hapo 1.2 asubuhi, 1.8 au 1.9 ikiwaka, mfuko mkavu. Dawa ya kuzuia kutu imeingia. Ule mpira wa kujazia nao ameutoa kabisa na kuziba midomo yote miwili, anasema kanuni za maji za 1999 haziruhusu ukae umeunganishwa na maji ya mtaani baada ya kujaza. Uko kwenye droo ya jikoni.

Mzee wa Spana, FundiPampu, Mungu awalipe.

BintiPangani · Jumamosi, saa 10 jioni

Barua ya Wakili imefanya kazi! Wakala amepiga simu mwenyewe. Wanaleta watu wa kamera Alhamisi. Mpaka hapo nifanye nini? Kuna mtoto mdogo ndani, siwezi kukaa bila maji ya moto. Na je, nikisikia harufu ya gesi?

Mzee wa Spana · Jumamosi, saa 12 jioni

Mvujo wako ni wa maji, hauhusiani na gesi. Lakini harufu ya gesi ikitokea siku yoyote, usiguse swichi, fungua madirisha, toka nje, piga 0800 111 999. Ni bure, saa zote.

Maji ya moto unaweza kuendelea nayo. Kwenye paneli zima upande wa joto la redieta, acha alama ya bomba tu. Halafu funga zile koki mbili chini ya boila kama ulivyofanya usiku ule, geji itashika na boila haitalalamika, maana kwa maji ya bafuni inazungusha ndani yake yenyewe. Chumba cha mtoto weka hita ya umeme, mbali na pazia, na usiichomeke kwenye waya wa kuunganishia. Alhamisi asubuhi zifungue koki kabla hawajafika, ujaze hadi 1.5, uwashe redieta zote. Kamera inataka bomba la moto.

Na sogeza kochi pale mlangoni mapema. Hao jamaa wakianza kuvunja hawangoji.